Karani na Mtu wa Usingizi

Mwanamume wa kwanza kuniuliza nitazalia wapi hakuwa mume wangu. Alikuwa Karani. Mume wangu Kiprono alikuwa bado hajaambiwa kwamba nina mimba. Nilikuwa nikingoja Jumamosi nimpikie kuku, nimwambie vizuri. Lakini Karani, akiwa amesimama nyuma ya mizani pale kwenye kituo cha majani chai, mbele ya foleni nzima ya akina mama, alinitazama nikishusha gunia langu, akasema kwa sauti ya kutangaza mnada:

"Mwalimu, mwezi jana ulikuwa ukilitupa hilo gunia chini. Leo unaliweka kama trei ya mayai. Utazalia wapi?"

Foleni ikageuka kunitazama tumbo, halafu ikacheka. Habari ilifika nyumbani kabla yangu. Nilimkuta Kiprono amesimama mlangoni na tabasamu la mtu ambaye hajui kama afurahi au aombe maelezo. Kuku yule hakuwa na kazi tena, lakini tulimla.

Huyo ndiye aliyekuwa Karani wetu wa Boito. Alipima majani ya chai miaka mingi sana, na hata baada ya kustaafu na kijana mwingine kuletwa na kiwanda, jina lilibaki lake. Kijana yule aliitwa "yule mwingine". Karani alikuwa mrefu, mwembamba, na alivaa koti la mvua la kijani hata jua likiwaka, kwa sababu, alisema, hapa kwetu mvua haibishi hodi. Kanisani alilala tangu wimbo wa kwanza mpaka baraka, lakini ukimuuliza mahubiri yalisema nini alikutajia sura na mstari, na mahali ambapo mchungaji alikosea.

Kazini alikuwa na tabia moja iliyowakera wachumaji wote. Wengine wakikagua majani huangalia juu tu ya gunia. Karani alizamisha mkono mpaka kwenye kwapa, akafika chini kabisa, na kutoka huko akaleta juu lile jani gumu, pana kama sikio la ng'ombe, ambalo ulikuwa umeomba Mungu alifiche. Alikuinulia jani hilo usoni. "Juu ya gunia kila mtu ameokoka," alipenda kusema. "Mimi nataka kujua wa chini wanaabudu nini."

Gunia moja tu hakulitia mkono: la mkewe. Mkewe sote tulimwita Kogo, yaani bibi, kwa heshima, tangu nywele zake zilipoanza kuwa nyeupe. Kogo alichuma vibaya. Alichuma kama mtu anayeng'oa magugu. Gunia lake lilipanda mizani, likashuka, likaingia kwenye lori, na Karani akatazama pembeni kama hakimu aliyeona shemeji yake kizimbani. Ukimlalamikia, alijibu, "Huyu nilimkagua zamani."

Basi mtu wa namna hiyo akiamua kukagua hospitali, unaweza kufikiria mwenyewe.

Alikuwa na maswali matatu, na kila mwenye mimba aliyepita kwenye mizani aliulizwa yote, kwa mpangilio uleule, mpaka akina mama wakayaita katekisimu. La kwanza: hapo unapokwenda kuzaa, ikibidi upasuliwe, nani atakulaza? La pili: huyo mtu wa kukulaza analala wapi? La tatu: akienda matanga, nani anabaki?

Hakuuliza juu ya daktari. Hakuuliza juu ya vitanda, chakula wala choo. Shida yake ilikuwa ni yule mtu wa nusukaputi, anayedunga sindano ya usingizi au ile ya mgongo, ambaye sisi wengine hatukujua hata kama ni kazi ya mtu mmoja. Tulidhani daktari anakulaza, anakupasua, anakushona, anakuamsha, yote peke yake, kama fundi wa baiskeli.

"Daktari anaweza kuwa na kisu mkononi," Karani alieleza, "taa zimewaka, wewe uko juu ya meza, na mtoto anataka kutoka. Kama mtu wa usingizi hayuko, hao wote ni watu wamesimama tu."

Wengi walimcheka. Mama Akinyi, ambaye mume wake alitoka upande wa ziwa kuja kufanya kazi kwenye mitambo ya kiwanda, alimjibu siku moja mikono kiunoni: "Karani, mimi hulazwa na mume wangu, ndiyo maana niko hivi. Wewe wasiwasi ni ya nini?" Kituo kizima kilianguka kwa kicheko. Karani alingoja kicheko kiishe, akalipima gunia lake, akauliza, "Sawa. Na akienda matanga?"

Kila mtu alikuwa na maelezo yake juu ya ugonjwa huu wa Karani. Wengine walisema ana mtu wake wa siri, nesi, huko Bomet. Wengine walisema kuna hospitali inamlisha ili azitie doa zile nyingine. Mama mkwe wangu alisema ni rahisi tu: mzee alitaka kuwa daktari, akaishia kwenye majani. Yeye mwenyewe ukimuuliza alijibu kwamba udadisi ni bure, na vitu vya bure ni vichache.

Wakati huo mimi nilikuwa nimekwisha kuchagua hospitali yangu. Ilikuwa mpya, kwenye barabara ya lami ya kwenda Kericho, na ilinimaliza kabisa. Sakafu ilikuwa ya vigae unavyoweza kujionea uso. Kulikuwa na maji ya moto, pazia la waridi kwenye kila kitanda, na ukijifungua wanakupiga picha na maputo. Mwalimu mwenzangu alikuwa ameweka picha yake kwenye simu, mtoto mkononi, nywele zimechanwa, kana kwamba ametoka harusini. Nilitaka picha hiyo. Sitadanganya, niliitaka kuliko nilivyotaka ushauri.

Siku yangu ya kliniki ilipofika, Kiprono alikuwa kazini. Nilitoka barabarani nikamkuta Karani ndani ya probox iliyokuwa ikijaza abiria, koti la kijani limefungwa mpaka shingoni.

"Unaenda wapi, mzee?"

"Ninakusindikiza."

"Nani amekuambia unisindikize?"

"Hakuna. Ndiyo maana nimewahi."

Hospitalini msichana wa mapokezi alituinukia kwa adabu. Karani alivua kofia. "Mimi ni baba yake," alisema, na kunionyesha kwa kidole. Baba yangu mwenyewe alikuwa hai, kule kwao Sigor, na ng'ombe wake. Nikafungua mdomo, Karani akanikanyaga kiatu.

Baadaye nilipata kujua kwamba alikuwa baba wa nusu ya wanawake wa huku kwetu Konoin. Kwenye hospitali moja huko Bomet karani wa rekodi alimuuliza ana mabinti wangapi, akamjibu, "Mungu hajafunga mkono."

Tulitembezwa. Tulionyeshwa maji ya moto, pazia, kona ya maputo. Karani alisifu kila kitu. Alilala hata kwenye kitanda kimoja, na viatu vyake, akasema ni kizuri. Halafu, tukiwa tumerudi mapokezi na mimi nikianza kupumua, akauliza:

"Sasa, mtu wenu wa usingizi yuko?"

"Yuko, mzee. Yuko saa zote."

"Saa hii?"

"Saa zote."

"Naomba nimsalimie tu. Sisi wazee tukileta msichana mahali hupenda kusalimia."

Msichana alikwenda nyuma. Tulisikia milango. Tulisikia mtu akinong'ona na mwingine akikataa. Baada ya muda akaja kijana mwenye koti jeupe, anatabasamu huku anatazama saa. Karani alimshika mkono kwa mikono yote miwili na hakuuachia.

"Wewe ndiye unalaza watu hapa?"

"Ndiyo, mzee."

"Vizuri. Huyu ni binti yangu. Ile sindano ya mgongo, anakaa au analala?"

Kijana alinitazama. Akamtazama msichana wa mapokezi. Mkono wake ulikuwa bado ndani ya ile mikono iliyozoea kufika chini ya magunia.

"Mzee," akasema mwishowe, kwa sauti ndogo, "mimi ni wa maabara. Wamenitoa kwa mkojo."

"Na wa usingizi?"

"Huwa anaitwa kwa simu. Anakuja kutoka Kisumu."

"Asante, kijana wangu," Karani alisema. "Wewe utaenda mbinguni. Rudi kwa mkojo."

Nilitoka pale kwa hasira. Barabarani nilimwambia yote ambayo mwanamke mdogo hapaswi kumwambia mzee: kwamba ameniaibisha, kwamba si baba yangu, kwamba mambo ya tumbo langu yana mwenyewe, kwamba akakague majani. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kofia mkononi. Nikadhani nimemweza. Nilipomaliza, aliuliza, "Kutoka Kisumu mpaka hapa, kukiwa na mvua, ni saa ngapi?"

Nikasimamisha gari la kurudi. Lakini usiku huo nilimuuliza Kiprono swali hilohilo, maana lilikuwa limenikaa kifuani kama mfupa wa samaki.

Hospitali tuliyokwenda mwishowe ni Karani aliyetuelekeza, na tulikwenda kwa shingo upande. Ilikuwa ya zamani, mabati mekundu yaliyopauka, bafu moja kwa wodi nzima na dirisha lililozibwa kwa katoni. Hakukuwa na puto hata moja. Mtu wa usingizi tulimkuta nyuma ya jikoni kwenye nyumba za wafanyakazi, mwanamke mnene aliyevaa kandambili, anakula mahindi ya kuchemsha. Karani alimsomea katekisimu. Analala wapi? Akaonyesha mlango nyuma yake. Akienda matanga? "Tuko wawili," alisema akitoa punje kwenye jino. "Huyo mwenzangu akitoka, mimi sitoki. Tuligombana mwaka mzima ndiyo tukapata huo mpango, kwa hiyo tunauheshimu."

Karani akanigeukia. Aligandamiza kidole gumba kwenye mfuko wa koti kana kwamba anaweka muhuri.

Uchungu ulinianza Jumapili asubuhi, kanisa likiendelea. Saa sita mchana nilikuwa wodini. Saa saba sista aliweka kile chombo chake kwenye tumbo langu, akasikiliza, akakihamisha, akasikiliza tena, na uso wake ukabadilika. Nimefundisha watoto wa darasa la kwanza miaka mingi. Najua uso wa mtu anayejitahidi usionyeshe kitu. Aliita daktari. Daktari alisikiliza, akasema, "Mapigo ya mtoto yanashuka. Tunaingia thieta sasa."

Nakumbuka dari ikipita. Nakumbuka Kiprono akinishika kidole kimoja tu, maana vingine nilikuwa nimeng'ang'ania kitanda. Na nakumbuka kwamba katikati ya maumivu yale niliogopa kitu kimoja kilichokuwa na umbo kamili: kwamba tutafika, na wote watakuwa pale, na watakuwa wamesimama tu.

Mlango ulifunguka. Yule mwanamke alikuwa ameshafika, kandambili zimebadilishwa kwa buti nyeupe, mikono inanukia kitunguu chini ya sabuni. "Nimeacha nyama motoni," alinong'ona sikioni kwangu, "kwa hiyo tusicheleweshane. Kunja mgongo kama paka aliyekasirika. Zaidi. Huyo paka wako ana adabu sana, mkasirishe." Nikakunja. Niliona baridi mgongoni, halafu joto likashuka miguuni kama maji ya kuoga, na maumivu yakaondoka kama mgeni aliyekumbushwa kwamba kwake ni mbali. Aliniwekea mkono kwenye paji la uso, hakuutoa. Alinieleza kila kilichokuwa kikitokea nyuma ya kile kitambaa. "Sasa wamefika kwa mtoto. Sasa utasikia kama mtu anaosha vyombo ndani yako. Kitovu kilikuwa shingoni, wametoa. Sasa."

Binti yangu alitoka wa bluu, akanyamaza muda ambao mpaka leo siwezi kuueleza, halafu akakohoa, akalia kwa hasira ya mtu aliyeamshwa bure. Nyama ya yule mama iliungua. Aliniambia hivyo alipokuja kuniona wodini, na akaomba jina la mtoto ili ajue ni nani anamdai chakula cha Jumapili.

Karani alikuja nyumbani nilipotoka hospitali. Alileta ndizi na akakaa kwenye kiti cha mlangoni. Mama mkwe wangu, ambaye hakuwa amemsamehe bado kwa ile habari ya gunia, alimpa chai kikombe nusu. Hakuuliza mtoto ana uzito gani, jambo ambalo kwa mtu wa mizani lilinishangaza. Aliuliza, "Kutoka daktari aseme, mpaka sindano, ilikuwa dakika ngapi?"

"Mzee, mimi nilikuwa nakufa. Sikutazama saa."

"Mwalimu mzima," alisema kwa huzuni ya kweli, "huna saa." Kisha akamuuliza Kiprono, na Kiprono, kumbe, alikuwa ametazama.

Baada ya hapo nami nikawa mtu wake. Nilipoona msichana yeyote wa shule yetu, mwalimu au mpishi, ameanza kuvaa nguo pana, nilimuuliza maswali matatu. Mama Akinyi, aliyemcheka, alikuja mwenyewe kwenye mizani alipopata mimba ya tatu. Ya pili alikuwa amepasuliwa. Alijifanya amekuja kugombana kuhusu majani. Waligombana vizuri, walipomaliza akauliza chini chini, "Na yule wa Bomet, bado analala hapo hapo?" Karani alijua. Alijua kwamba wa Bomet ni Msabato, Jumamosi simu yake imezimwa mpaka jua lizame. Alijua wa hospitali nyingine amehamishwa na kiti chake kiko wazi ingawa bango nje bado linasema "upasuaji saa zote". Alizijua ratiba za watu hao kuliko wake zao, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumlaza yeye.

Hilo lilikuja mwaka jana. Karani alikuwa na ngiri ya miaka, ameifunga kwa kitambaa na ukaidi. Ilipomzidi, Kogo na binti zao wawili walimpeleka hospitali kwa nguvu. Nilikwenda kumwona asubuhi ya upasuaji. Nilimkuta ameketi kitandani ndani ya gauni la kijani linalofungwa nyuma, akiwa na hadhi yake yote isipokuwa mgongo.

Mtu wa usingizi wa zamu alikuwa kijana mpole mwenye faili. Sasa maswali yalikuwa ya kwake.

"Mzee, umekula kitu leo?"

"Hapana."

"Umekunywa?"

"Hapana kabisa."

Nilimtazama Karani. Juu ya mdomo wake, kwenye ncha za masharubu, kulikuwa na mstari wa kijivu. Kila aliyekulia kwetu anaujua mstari huo: ni mursik, maziwa yetu ya kibuyu yenye masizi ya mti. Kogo alikuwa anatazama dirisha kwa bidii.

"Daktari," nikasema, "hebu muangalie masharubu."

Upasuaji ulisogezwa mpaka kesho yake. Yule kijana alimweleza bila kumgombeza kwamba tumbo likiwa na maziwa, mtu aliyelazwa anaweza kutapika yakaingia kwenye mapafu, na hapo ndipo watu hufa. Karani aliitikia kila neno kwa kichwa, kama mwanafunzi. Kijana alipotoka, alinigeukia.

"Mwalimu. Umenichongea."

"Nimekukagua chini ya gunia, mzee."

Alitaka kukasirika, akashindwa, akacheka mpaka akashika ngiri yake na kulia "ui".

Kesho yake walimlaza usingizi mzito, kama alivyotaka mwenyewe. Alisema hana haja ya kusikiliza watu wakizungumza juu ya matumbo yake. Mchana tuliruhusiwa kuingia, mimi na Kogo. Alikuwa nusu huku nusu kule, midomo mikavu, macho yanafunguka na kujifunga. Kogo alimshika mkono. Karani akageuza kichwa kumtafuta, akamwona, na akauliza kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya kijana:

"Mtoto amelia?"

Kogo hakusita hata kidogo. "Amelia," alisema. "Amelia mpaka wodi nzima ikageuka."

"Vizuri," Karani akasema. Akafunga macho.

Tulitoka nje, kwenye bomba la maji. Kogo alisuuza kikombe ambacho kilikuwa safi. Sikuuliza, alisema mwenyewe, akitazama maji. Kabla ya mabinti kulikuwa na mvulana. Hospitali ilikuwa na daktari, na meza, na taa. Mtu wa usingizi alikuwa amekwenda kumposea ndugu yake, mbali, na gari halikupatikana. Walingoja tangu asubuhi mpaka jua likapoa. "Karani alisimama pale mlangoni anauliza hilo moja tu. Amelia? Amelia? Watu wanapita na beseni, hakuna anayemjibu. Mimi pia sikuweza kumjibu, nilikuwa nimezimia."

Alifunga bomba.

"Akiamka vizuri," akasema, "usimwambie nimemwambia hivyo."

"Kwa nini, Kogo?"

"Huyu? Ataniuliza ni sista gani alisikia, na yuko zamu lini."

Akaanza kucheka, kikombe kimeshikwa kwa mikono miwili, machozi yakishuka bila yeye kuyafuta, na mimi nikashindwa kujizuia nikacheka naye, mpaka sista akachungulia dirishani akatuambia humu ndani kuna wagonjwa.